Umeme wa Nyumbani: Wapi Ukomee Wewe, na Wapi Aitwe Fundi

Ndugu Wanachama,

Kwa desturi ukurasa huu wa Katibu, unapokaribia wakati wa kuchuma, husema habari za majamvi na magunia, na namna ya kuanika karafuu zisipate mvua wala mchanga. Safari hii nimeiomba Kamati ruhusa niyaache hayo, niseme habari za waya. Sababu yake mtaiona hivi punde, wala si sababu ya kujivunia.

Msimu uliopita, usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, tulikuwa uwanjani nyumbani kwetu tukichambua. Karafuu za siku ile zilikuwa nyingi na mbingu ilikuwa nzito, na kila mmoja wenu anajua maana yake: karafuu mbichi zikilala chunguni au guniani zinavunda, basi ni lazima makonyo yatoke usiku ule ule. Nilikuwa nimevuta ekstensheni kutoka soketi ya stoo, nikatundika taa mbili kubwa za uwanjani, zile za kizamani za wati 500 kila moja. Wachambuzi wakataka chai, nikachomeka na birika la umeme hapo hapo. Haukupita muda, giza. Fyuzi imekatika.

Nyumba yetu ni ya marehemu baba, na ubao wake wa umeme ni wa zamani, wa fyuzi za kigae zinazotiwa uzi mwembamba wa shaba. Nikatia uzi mwingine. Ukakatika. Nikatia wa tatu, nao ukakatika pale pale birika lilipoanza kuvuma. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimeliona likifanywa na watu wengi, na pengine na wewe unayesoma: nilikata kipande cha ekstensheni mbovu, nikachomoa nyuzi zake, nikazisokota pamoja, nikazifunga mahali pa ule uzi mwembamba. Taa zikawaka, chai ikachemka, nami nikajiona hodari.

Saa nne za usiku mama yangu akatoka ndani, akasimama mlangoni. Akasema, "Mwanangu, nasikia harufu ya samaki aliyeungua, na leo hatukupika samaki." Nikamjibu, "Ni jiko la jirani, mama." Akarudi ndani. Lakini mama hakuridhika. Akachukua tochi akaingia stoo mwenyewe, na sauti niliyoisikia baada ya hapo sitaisahau. Soketi ilikuwa imegeuka rangi kama mkate ulioungua, ukuta juu yake umeingia weusi, na moshi mwembamba ulikuwa ukishuka kutoka darini mahali waya unapopita. Chini yake hapo yalikuwapo magunia 11 ya karafuu kavu, yakingojea kupelekwa kituoni. Watoto wawili walikuwa wamelala chumba cha pili.

Nilikimbia kuzima swichi kuu. Mwenyezi Mungu alitustahi, moto haukuwaka. Tulimaliza kuchambua kwa taa za kandili.

Asubuhi akaja fundi. Alipoitoa ile fyuzi yangu aliitazama sana, kisha akasema kwa upole, "Katibu, huyu alikuwa mlinzi wako. Alikugongea mlango mara tatu, na mara ya nne ukamfunga kinywa."

Basi maneno yale ndiyo somo lenyewe, na yaliyobaki ni kuyaeleza.

Yafaa kwanza tujue kilichotokea kwa hesabu, kwani hesabu hii kila mwanachama aliyezoea kuhesabu pishi anaiweza. Umeme unaoingia majumbani mwetu una nguvu ya volti 230. Kila chombo kimeandikwa wati zake, kwa kawaida kwenye kibandiko cha chini au cha nyuma. Ukizigawa wati kwa 230 unapata ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita ndani ya waya. Taa zangu mbili zilikuwa wati 1,000, ambazo ni ampea 4 na kitu. Birika lilikuwa wati 2,000, karibu ampea 9. Jumla ampea 13. Na soketi ile ya stoo, kama fundi alivyokuja kuonyesha, haikuwa na waya wake. Marehemu baba aliitoa kwenye waya wa taa, na fyuzi ya taa ilikuwa ya ampea 5 tu.

Sasa wengi hudhani kuwa ampea zikizidi mara mbili basi na joto la waya huzidi mara mbili. Sivyo. Joto huzidi mara nne. Ampea zikizidi mara tatu, joto huzidi mara tisa. Ndiyo maana waya uliokaa salama miaka 30 unaweza kuungua kwa usiku mmoja. Na mahali panapoungua kwanza ni pale penye kiungo, pale waya uliposokotwa na mwenzake au skrubu ilipolegea, kwa kuwa hapo umeme hupita kwa shida. Uzi mwembamba wa fyuzi umewekwa makusudi uwe ndio dhaifu kuliko vyote, uungue wenyewe, nyumba isalimike. Mimi niliutia nguvu uliotakiwa uwe dhaifu, na udhaifu ukahamia darini, juu ya karafuu.

Wala si nyumba yetu peke yake. Kisiwa chetu cha Pemba kilikuwa kikipata umeme wa mashine za dizeli za Wesha, na walioishi wakati ule wanakumbuka jinsi ulivyokuwa ukija na kuondoka. Mwaka 2010 ndipo ulipoletwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wa volti 33,000, tukaungana na gridi ya bara. Neema kubwa. Lakini nyumba zetu nyingi za zamani zilitiwa waya kwa ajili ya taa chache na redio. Leo waya ule ule umebebeshwa friji, friza, pasi, feni, pampu ya kisima na birika. Tumeongeza mzigo, gari halikubadilishwa.

Tuje kwenye swali ambalo wanachama huniuliza: je, kila kitu kidogo niite fundi? Nami sina fedha za kumlipa kila wiki?

La, si kila kitu. Yako mambo ya mwenye nyumba. Kubadilisha glopu, baada ya kuzima swichi na kuiacha ipoe. Kubadilisha fyuzi ndogo ya ndani ya plagi, kwa fyuzi ya namba ile ile iliyoandikwa, si kubwa zaidi wala si karatasi ya sigara. Kutazama kama mita imekwisha uniti, jambo ambalo limewaaibisha watu wengi mbele ya fundi waliyemwita usiku. Kutoka nje ukaangalia kama jirani naye yumo gizani. Ikiwa kijiji kizima hakina umeme basi tatizo si lako, ni la Shirika la Umeme, nawe usiguse kitu. Na chombo kimoja kikiharibika chenyewe, pasi au feni, kichomoe ukipeleke kwa mtengenezaji.

Kipimo changu ni hiki: kinachochomoleka ni chako, na kilichomo ukutani, darini au ndani ya ubao ni cha fundi. Kilichopita mita kwenda nje, hadi nguzoni, si chako wala si cha fundi, ni cha Shirika.

Nyumba mpya hazina fyuzi za uzi bali zina breka, zile swichi ndogo zinazojiangusha zenyewe. Breka ikianguka, yafaa ufanye hivi. Chomoa vyombo vyote vya upande ule. Hakikisha mikono yako mikavu na umevaa viatu. Kisha inyanyue mara moja. Ikikaa, chomeka chombo kimoja, ngojea kidogo, kisha cha pili. Kile kitakachoiangusha ndicho mgonjwa, kiweke kando. Lakini ikianguka na hali vyombo vyote vimechomolewa, basi ugonjwa umo ukutani, na hapo kazi yako imekwisha. Iache chini, umwite fundi. Nimeona vijana wakiinyanyua mara 10, wengine wakiifunga kwa kamba isianguke. Kila unapoinyanyua unaurudisha umeme wote mahali palipoungua, nawe hupaoni.

Sasa dalili. Nitasema zaidi kwa zile ambazo watu huzidharau, kwa sababu cheche na moshi hakuna anayezidharau.

Ya kwanza ni harufu. Zile plastiki za soketi na swichi zikipata joto hutoa harufu ya ajabu, pengine kama samaki, pengine kama mpira, na haitoki mahali palipo wazi. Mama yangu aliijua kabla ya mimi niliyesoma sekondari. Ukiisikia, usitafute kwanza, zima swichi kuu kwanza, kisha utafute. Pamoja na harufu liko joto: weka mgongo wa kiganja karibu na soketi au swichi baada ya kutumika. Plagi ya birika au ya pasi ikipata uvuguvugu kidogo si ajabu. Ikiwa moto hata huwezi kuacha mkono hapo, au pembeni pameingia rangi ya kahawia, au panalia kama mafuta kikaangoni, hapo kiungo kimelegea ndani, nacho hakijikazi chenyewe.

Ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa inawahusu zaidi wake zetu na mama zetu wanaoshinda na vyombo hivi. Mtu anagusa friji anasikia kama siafu wamemtembea vidoleni. Au bomba la maji, au bati la ukuta wa jikoni. Anasema, "Friji hili linapiga shoti." Anajibiwa, "Vaa kandambili." Ndugu zangu, jibu hilo ni baya. Huyo aliyesikia siafu leo alikuwa mkavu, amevaa kandambili, pengine juu ya jamvi. Kesho anatoka kuoga, miguu imelowa, sakafu ya saruji imelowa, na umeme ule ule unakuta njia nyepesi kupita mwilini mwake kwenda ardhini. Ampea za glopu moja ya kizamani ya wati 60 ni robo ya ampea tu, na sehemu yake ya nane ikipita kifuani yaweza kuuvuruga moyo usipige tena. Kwa hivyo hakuna shoti ndogo. Chombo kichomolewe siku ile ile, wala kisirudishwe mpaka fundi akitazame chombo chenyewe na waya wa ethi wa nyumba.

Na hapa niseme habari ya tundu la tatu. Soketi zetu zina matundu matatu, na lile la juu watu hudhani ni pambo, au limewekwa litupe taabu. Mwenye plagi ya miguu miwili huchukua kalamu au kijiti, akalisokomeza tundu la juu, matundu ya chini yakafunguka, akachomeka. Nimeifanya mimi, na umeifanya wewe. Tundu lile ndilo la ethi: waya wa kijani na manjano unaotoka hapo kwenda kwenye nondo iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Kazi yake ni kuuchukua umeme uliovuja kwenye mwili wa chombo na kuupeleka ardhini, hata breka ikaanguka, kabla wewe hujagusa. Nyumba ambayo waya huo umekatika huwezi kuijua kwa macho, kwani taa zinawaka na friji linaganda kama kawaida. Hujulikana siku ya msiba, au siku fundi alipopima. Kwetu pwani chumvi hula vyuma upesi, basi ile nondo ya nje na kifungo chake vikitazamwa kila mwaka si vibaya. Ya kwetu fundi aliivuta kwa vidole viwili ikatoka na waya wake, imekuwa kutu tupu.

Nyumba nyingine zina swichi ya usalama yenye kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T. Swichi hiyo huupima umeme unaokwenda na unaorudi, na ukipotea kidogo tu njiani, sehemu 30 katika 1,000 ya ampea moja, hujiangusha mara moja. Kitufe kile kimewekwa ukibonyeze mara kwa mara. Ukibonyeza isianguke, basi swichi hiyo ni mlinzi aliyelala, aitwe fundi. Na asiyekuwa nayo, ikiwa atatumia fedha ya karafuu kwa jambo moja la umeme mwaka huu, shauri langu aanze na hiyo na ethi.

Dalili ya tatu ni taa zenyewe. Taa ikififia kidogo pampu inapoanza kuvuta maji, si ajabu. Lakini taa zikifififia na kupanda bila sababu, au mbaya zaidi zikawaka kwa nuru kali kuliko desturi na feni ikazunguka kama imepagawa, usikae ukistaajabu. Huenda waya wa kurudishia umeme, ambao mafundi huuita nyutro, umelegea mahali, na volti zimepanda. Zima swichi kuu, chomoa vyombo vyenye thamani, ukapige simu kwa Shirika na kwa fundi.

Mvua inayovuja darini, panya waliotafuna waya, mchwa waliopanda ndani ya ubao wa mita, breka inayoanguka kila siku ya mvua: hayo yote ya fundi, wala hayana mjadala.

Turudi uwanjani, kwani msimu ndio huu. Yako mazoea ya waya wa dago, ule unaovutwa kutoka nyumbani kwenda kwenye uwanja wa kuchambulia. Kwa kawaida ni waya mwembamba wa nyuzi mbili, umeungwa mahali pawili au patatu, na viungo vyake vimezungushiwa mfuko wa nailoni badala ya utepe. Umepita juu ya ukingo wa bati, umeviringishwa kwenye mnazi, ukashuka mpaka kwenye jamvi, na juu ya jamvi wamekaa watu 15 miguu mitupu, na watoto miongoni mwao. Ikanyesha. Bati lina ukingo kama kisu, na upepo unapoutikisa waya usiku kucha, ngozi yake inakatika, na bati zima la nyumba likapata umeme. Mimi sisemi tuchambue gizani. Nasema taa ndogo za siku hizi za wati 10 au 20 zinatosha kabisa, na taa za kuchaji au za jua ni bora kuliko hizo kwa kuwa hazina waya wa kumwua mtu. Anayetaka waya lazima, auweke uliokuwa mzima usio na kiungo, wa mpira mnene wenye nyuzi tatu, upite juu kwenye vigingi vya mti mkavu mbali na bati, na autie fundi. Birika lisitoke jikoni.

Jambo jingine ni la mashambani, nalo si la fundi hata kidogo. Mikarafuu yetu hurefuka mita 10 na zaidi, na waya wa nguzo umepita katikati ya mashamba. Mchumaji akiwa juu na ngoe yake anauvuta mkono wa mti, naye hatazami nyuma yake. Tawi bichi hupitisha umeme. Ngoe iliyolowa hupitisha umeme. Waya za nguzo nyingi hazikuvishwa ngozi yoyote, na zile kubwa zina volti maelfu, ambazo haziulizi kama umevaa viatu. Basi mwenye shamba azunguke kabla hajawaingiza wachumaji, na mti wowote ambao matawi yake yamekaribia waya autie alama, asichume mtu, aende akawaarifu Shirika waje wapunguze. Asipande mtu na panga akasema, "Nitakuwa mwangalifu." Karafuu za mti mmoja zikianguka, zimeanguka. Na waya wa nguzo ukikuta umelala chini, kaa mbali hatua 15 au zaidi, wazuie watoto na ng'ombe, mmoja asimame akilinda na mmoja akapige simu. Hata kama kijiji kizima kimo gizani, usiusogeze, kwani umeme hurudi bila ya kubisha hodi.

Akipigwa mtu nyumbani, usimshike. Zima swichi kuu kwanza, ndipo umguse. Ikiwa haufikii, simama juu ya kitu kikavu, umsukume kwa mti mkavu. Kisha apelekwe hospitali hata akisema hajambo, kwani moyo uliotikiswa pengine husumbua baadaye. Na moto wa umeme usiumwagie maji kabla hujazima swichi kuu.

Nimalizie na habari za mafundi, maana wako mafundi na wako vishoka. Kishoka ni kijana mwenye testa mfukoni na ujasiri mwingi. Si kwamba hajui kitu, taa ataiwasha. Tatizo ni kwamba kwake kazi imekwisha taa ikiwaka. Fundi wa kweli utamjua kabla hajafungua begi. Huuliza: ilianza lini, mlikuwa mmewasha nini, mvua ilinyesha? Huzima swichi kuu, kisha hupima kwa chombo chake kuhakikisha kuwa umeme kweli umekatika, wala haamini maneno yako uliyemwambia umezima. Hatakubali kutia breka kubwa mahali pa ndogo bila ya kubadilisha waya. Akimaliza hupima ethi, akakuonyesha na kile kipande kilichoungua. Muulize amesomea wapi na ana cheti gani, naye asiudhike. Ukiwa na shaka, ofisi ya Shirika iliyo karibu nawe iulize.

Kuhusu ghali, nami niliogopa. Fundi wangu alikaa siku mbili. Aliivutia soketi ya stoo waya wake peke yake, akaondoa ubao wa baba akatia wa breka na swichi ya usalama, akapiga nondo mpya ya ethi. Malipo yake na vifaa vyote havikufika thamani ya nusu gunia, na stoo ilikuwa na magunia 11. Mzee mmoja wa Kamati nilipomsimulia alinitazama akaniambia, "Mwanangu, wewe umehesabu magunia tu." Nikanyamaza, kwa sababu wale watoto wawili waliolala chumba cha pili mmoja wao ni mjukuu wake.

Wanachama wanaotaka ubao wa nyumba au waya wa dago utazamwe kabla ya kuchuma wanaombwa waandikishe majina yao ofisini, ili fundi akija upande mmoja azunguke nyumba kadhaa kwa safari moja, na gharama ya njia igawanywe. Ile fyuzi niliyoisokota kwa mkono wangu, pamoja na soketi iliyoungua, nimeziweka juu ya meza ya ofisi karibu na daftari la michango. Anayetaka kuziona aje, na aje na watoto wake.

Wenu katika kazi,
Katibu